Henry Walter Bates, Mkusanyaji wa Wadudu

Katika mji wa Leicester, ulio katikati ya Uingereza, palikuwa na mfanyi biashara wa soksi, jina lake Bates. Tarehe 8 Februari 1825 alizaliwa mwanawe, akaitwa Henry Walter. Mtoto huyu alipenda masomo, lakini alipofika umri wa miaka 13 ilimbidi kuiacha shule, kwa kuwa baba yake alitaka ashike biashara kama yeye. Basi akawekwa kwa mwenye ghala la soksi awe mwanagenzi wake.

Kazi ya mwanagenzi siku zile ilikuwa nzito. Henry alifika ghalani saa moja asubuhi, akafungua milango, akafagia, kisha akashinda kazini mpaka saa mbili usiku. Jumla ni saa 13 kila siku. Mtu mwingine angalirudi nyumbani akalala, lakini yeye alikwenda kwenye shule ya jioni ya mafundi, akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kifaransa, akaazima vitabu vya maktaba. Na siku za mapumziko alitoka mjini pamoja na ndugu yake Frederick, wakaenda msitu wa Charnwood, penye miti na majabali, kutafuta wadudu.

Yumkini wewe unayesoma umepata kukamata kipepeo, au mbawakawa aliyeanguka karibu na taa. Lakini kukamata ni jambo moja, na kukusanya ni jambo jingine. Mtoto hukamata mdudu, akamchezea, akamtupa. Mkusanyaji humuua upesi asije akajipiga na kuvunjika mbawa, akamchoma pini nyembamba katikati ya mwili, akamnyosha miguu, akamkausha, akamtia katika sanduku lenye gome laini chini yake ili pini ishike. Tena huandika mahali alipompata, na siku. Mdudu asiyeandikiwa mahali alikotoka ni pambo tu, hana habari ya kumweleza mtu. Henry aliyajua hayo tangu ujanani, na baadaye tutaona kwamba hayo maandishi madogo ndiyo yaliyompatia sifa.

Mwaka 1843, alipokuwa na miaka 18 tu, gazeti moja la elimu ya wanyama lilipiga chapa habari fupi aliyoiandika juu ya mbawakawa wanaokaa penye unyevu. Hakuwa na mwalimu wa elimu hiyo, wala hakupata kuingia chuo kikuu maisha yake yote.

Mwaka uliofuata alifika Leicester mwalimu kijana, jina lake Alfred Russel Wallace. Walikutana katika maktaba ya mji. Wallace alipenda mimea, lakini habari za wadudu alikuwa hazijui. Siku aliyofunguliwa masanduku ya Bates alistaajabu kuona namna mamia ya mbawakawa, kila mmoja na umbo lake na rangi yake, wote wametoka karibu na mji uleule aliokuwa akipita kila siku bila kuona kitu. Tangu hapo Wallace naye akanunua chupa, pini na sanduku, na urafiki wao ukawa mkubwa.

Baada ya miaka michache walisoma kitabu cha Mmarekani mmoja aliyesafiri katika mto Amazon, nchi ya Brazili, wakatamani kwenda huko. Fedha hawakuwa nazo. Wakati huo Bates alikuwa karani katika kiwanda cha bia, na kazi hiyo hakuipenda. Wakafikiri shauri hili: watakusanya wadudu na ndege, waweke namna moja moja kwa elimu yao wenyewe, na waliozidi wawapeleke London kuuzwa kwa matajiri na kwa majumba ya makumbusho. Wakapata wakala mwaminifu, Samuel Stevens, wa kuwauzia. Tarehe 26 Aprili 1848 wakapanda merikebu katika bandari ya Liverpool, na baada ya mwezi mmoja hivi wakafika Pará, karibu na mahali mto ule mkubwa unapoingia baharini. Bates alikuwa na miaka 23. Alidhani atakaa muda si mrefu. Alikaa miaka 11.

Huko Pará aliona mambo ambayo mtu wa Leicester hawezi kuyaota. Katika visiwa vya Uingereza vyote zilijulikana namna 66 tu za vipepeo, na katika Ulaya nzima namna 321. Lakini Pará, kwa mwendo wa saa moja tu kutoka mjini, zilikuwako namna kama 700. Marafiki hao wawili walikusanya pamoja muda, kisha wakaona afadhali kila mtu ashike njia yake, ili wasikusanye vitu vilevile. Wallace alishika mto Negro, na Bates akapanda Amazon yenyewe mpaka mji mdogo wa Ega, ambao leo huitwa Tefé, zaidi ya maili 1,000 kutoka baharini. Alifika mwezi wa Machi 1850.

Yafaa tumtazame kidogo alivyotoka kwenda kazini. Bunduki begani kwa ajili ya ndege, na wavu wa vipepeo mkononi. Katika shati lake alibandika kijito cha kuchomekea pini, cha pini za ukubwa namna sita, maana mdudu mdogo hapasuliwi kwa pini ya mdudu mkubwa. Alibeba na sanduku la wadudu, na mfuko wa vitu vingine. Asubuhi na mapema aliamka; baina ya saa tatu au nne na saa nane au tisa mchana, jua lilipokuwa kali, alikuwa msituni, kwa kuwa hizo ndizo saa wadudu wengi hutembea. Jioni aliwatengeneza wale aliowapata, akaandika daftari yake na kuwachora wadudu kwa rangi.

Kuwakausha ndiko kulikokuwa na taabu kubwa. Katika nchi ya mvua nyingi na joto, mdudu aliyeachwa mezani huliwa na sisimizi kabla hakujapambazuka, na sisimizi wakimwacha, panya hamwachi. Bates aliweka vitu vyake katika vizimba vilivyoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye dari. Kamba zile alizipaka mafuta machungu ya mimea ili sisimizi wasishuke, na katikati ya kila kamba alitia kibuyu kilichokatwa nusu, kimefudikizwa, ili panya akiteremka ateleze. Kwa hila hiyo ndogo aliokoa kazi ya miaka.

Lakini sisimizi wa nchi ile hawakumwacha hivyo. Katika safari yake moja kwenye mto Tapajós mtumishi alimwamsha usiku akisema panya wanaiba unga wa muhogo. Bates alipowasha taa hakuona panya hata mmoja. Aliona msafara mpana wa sisimizi, maelfu, wengine wakiingia mlangoni na wengine wakitoka, na kila aliyetoka amebeba chembe ya unga mdomoni. Wale watu wawili wakawaponda kwa viatu vya mti, na kadiri walivyoponda, wengine wakaja kujaza nafasi. Usiku wa pili wakarudi. Bates akamwaga mstari wa baruti juu ya msafara wao akaiwasha. Ilimpasa kufanya hivyo mara nyingi kabla hawajaogopa. Katika mto uleule aliona kijiji kilichokuwa kimehamwa na watu wake kwa ajili ya sisimizi wekundu, waumao kama maji-moto wa kwenye miti yetu, au kuliko wao. Mtu akitaka kukaa chini ilimpasa kupaka miguu ya kiti utomvu wa mti fulani, na kamba za kitanda vilevile.

Wenyeji wa asili wa nchi ile walimsaidia sana, nao walijua mengi kuliko vitabu vyake. Watu wazima walimwonyesha njia, na watoto walimletea wadudu. Kulikuwa na jamaa mmoja waliokuwa wakimkusanyia. Siku moja aliwakuta watoto wao wamemfunga kamba kiunoni buibui mkubwa mwenye manyoya, yule awezaye kuua hata ndege mdogo, nao wanamwongoza nyumbani huku na huku kama mbwa. Bates hakuwaiga, maana alikwisha kumshika buibui wa namna ile, na manyoya yake yakamchoma vidoleni hata akaumwa sana.

Kuna jambo lililomwumiza kuliko buibui. Mwaka ule wa kwanza wa Ega ulipita miezi 12 pasipo barua wala fedha kutoka Uingereza. Nguo zake zikachakaa zikawa matambara. Viatu vikaisha, akawa akiingia msituni bila viatu, katika nchi ya nyoka na miiba. Mtumishi wake akatoroka, na mwivi akamwibia karibu fedha zake zote. Hakuwako mtu wa kuzungumza naye habari za kazi yake. Magazeti machache aliyokuwa nayo aliyasoma mara tatu: kwanza habari zilizompendeza, mara ya pili zile zilizosalia, na mara ya tatu matangazo ya biashara. Mwisho aliona hawezi tena. Mwezi wa Machi 1851 aliteremka mto kurudi Pará, kusudi apate merikebu ya kumrudisha kwao.

Hapo Pará alikuta homa ya manjano inaua watu. Yuko kijana Herbert, mdogo wake Wallace, aliyekuja Brazili kumsaidia ndugu yake na sasa alikuwa akingoja merikebu. Herbert aliugua, na Bates akamwuguza mpaka mwenyewe akashikwa na homa ileile. Bates alipona, na Herbert akafa mwezi wa Juni, mbali na kwao, wakati Wallace yu juu mtoni hana habari.

Tungalitazamia kwamba baada ya hayo Bates angeondoka. Lakini siku zile ndipo barua zilipofika, na fedha pia, na habari ya kwamba wadudu wake wanasifiwa na wenye elimu huko London. Fedha hazikuwa nyingi, maana wadudu wengi walimletea kiasi cha peni 3 tu kila mmoja. Hata hivyo akapima moyoni mwake, akaamua kukaa. Novemba 1851 alikwenda Santarém, akafanya kituo chake hapo muda wa miaka mitatu na nusu, kisha mwaka 1855 akarudi Ega, mji uleule uliomtesa.

Wallace alirudi Uingereza mwaka 1852, na merikebu aliyopanda ikashika moto katikati ya bahari. Yeye na mabaharia waliokoka katika mashua, lakini vitu alivyokuwa amevikusanya kwa miaka vikateketea mbele ya macho yake. Bates alikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa masanduku yake aliyapeleka kidogo kidogo.

Sasa nieleze lile jambo aliloliona. Msituni kulikuwa na vipepeo wa mbawa ndefu nyembamba, wa rangi nyeusi, manjano na kahawia. Waliruka polepole kama wasiokuwa na hofu, wala Bates hakuona ndege wala kerengende akiwafukuza, ingawa walikuwa wengi na rahisi kukamatwa. Akadhani kwamba ladha yao ni mbaya. Pamoja nao aliwakamata wengine wachache waliofanana nao kabisa, hata walipokuwa hewani yeye mwenyewe, mwindaji wa miaka mingi, hakuweza kuwapambanua. Lakini nyumbani, chini ya taa, alipowatazama sana, aliona kwamba hawa wachache si jamii moja na wale. Mmojawapo wa alama ni miguu: wale wengi husimama kwa miguu minne, maana miwili ya mbele ni mifupi mno, na hawa wachache husimama kwa yote sita, kama jamaa zao, vipepeo weupe wa kawaida. Kwa asili walikuwa weupe, lakini wamevaa nguo za jirani.

Mtu aliyekusanya mwaka mmoja, mahali pamoja, angalisema ni ajabu, akanyamaza. Lakini Bates alikuwa na masanduku ya miaka 11, na kila mdudu ana jina la mahali alipotoka. Alipowapanga aliona kwamba wale wenye ladha mbaya hubadilika rangi kutoka wilaya hata wilaya, na kila wanapobadilika, wale waigaji nao wamebadilika vivyo hivyo. Basi akaeleza hivi: katika waigaji hao, tangu zamani, hawakuzaliwa wote sawasawa. Aliyefanana kidogo na kipepeo mbaya, ndege alimwacha. Asiyefanana naye aliliwa. Waliosalia ndio waliozaa, na watoto wao wakarithi sura yao. Vizazi vingi vikipita, mfanano ukawa kamili.

Kuiga huku hakuko kwa vipepeo tu. Siku moja Bates aliona kiwavi mkubwa aliyenyosha kichwa kutoka kwenye majani, na kichwa kile kilikuwa mfano wa nyoka wa sumu, macho na magamba pia. Alimchukua mpaka kijijini, na wote waliomwona wakaogopa.

Nasi hapa Afrika ya Mashariki tunao waigaji, wala hatuna haja ya kwenda Brazili. Yuko kipepeo wa rangi ya machungwa, ambaye mara nyingi ncha za mbawa zake ni nyeusi zenye madoa meupe. Huruka polepole mashambani na kandokando ya njia. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ndiyo sababu ndege hampendi. Yuko na jike la kipepeo mwingine ambaye amevaa rangi zilezile, ingawa dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe. Ukitaka kuwapambanua, tazama ubawa wa nyuma. Yule wa kweli ana madoa meusi matatu au manne katikati ya ubawa, na mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele.

Turudi kwa Bates. Mwaka 1857 alipanda mto zaidi, akikusudia kufika chini ya milima ya Andes, lakini homa kali ikamrudisha Ega. Nguvu zake hazikurudi tena kama zamani. Mwezi wa Februari 1859 aliaga Ega, na tarehe 2 Juni merikebu yake ikatoka Pará. Alipohesabu kazi yake yote, alikuwa amepata namna 14,712 za wanyama, na katika hizo namna 14,000 ni wadudu. Namna 8,000 hazikuwa zimejulikana kamwe na wenye elimu. Katika Ega peke yake alipata namna za wadudu zaidi ya 7,000.

Alirudi mwaka uleule ambao Charles Darwin alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya asili ya viumbe. Novemba 1861 Bates alisoma habari ya vipepeo wake mbele ya Chama cha Linnean katika London, na Darwin alifurahi mno, akamhimiza aandike kitabu cha safari zake. Bates aliona kuandika ni kazi ngumu kuliko msitu wote, lakini kitabu kilitoka mwaka 1863, na watu wakakipenda. Hata leo wenye elimu wanapotaja mdudu asiye na sumu aliyejifananisha na mwenye sumu, hutaja jina la Bates.

Aliomba kazi katika jumba kubwa la makumbusho la London, aliyoistahili kuliko mtu yeyote, lakini nafasi akapewa kijana mtunga mashairi asiyekuwa na elimu ya wanyama. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa. Mwaka 1864 alipata kazi ya katibu msaidizi wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, akaishika kwa miaka 27, hata kufa kwake. Chama hicho ndicho kilichompeleka Keith Johnston pamoja na Joseph Thomson, waliotoka Dar es Salaam mwaka 1879 kwenda kwenye maziwa makuu. Na kutengeneza safari za namna hiyo, na kupiga chapa habari zake, ilikuwa kazi ya ofisi ya Bates. Yeye aliyekaa miezi 12 bila barua alijua haja za msafiri.

Jioni alirudi kwa mbawakawa wake. Aliandika juu yao mwaka baada ya mwaka, akawapa majina namna nyingi sana, na wakusanyaji wa nchi mbalimbali wakampelekea masanduku yao ayatazame. Mwaka 1881 alichaguliwa kuwa mmoja wa wenye elimu wa Chama cha Kifalme, heshima ambayo wanagenzi wa soksi hawaipati mara nyingi. Alikufa London tarehe 16 Februari 1892, kwa ugonjwa wa kifua. Daftari zake mbili za mto Amazon, zenye picha za vipepeo na mbawakawa alizozichora kwa mkono wake, zimehifadhiwa London katika jumba la makumbusho ya viumbe.